Wali wa Mbegu

Nilirudi nyumbani kwa mama kwa sababu sikuwa na pa kula. Naliweka hili mwanzoni, maana kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba nilirudi kumwangalia mzazi, na wote wakanisifu.

Nilikuwa Pangani, napaka rangi nyumba ya wageni ambayo mwenyewe aliishiwa kabla sijafika ukuta wa pili. Kabla ya Pangani nilikuwa Tanga, na kabla ya Tanga nilikaa Mbegani miezi kadhaa nikiwapikia mafundi ujenzi. Ndivyo nilivyo tangu nimalize kidato cha nne. Nakaa mahali mpaka muuza chai aanze kunimiminia bila kuniuliza nataka nini, kisha nahama. Na kila ninapohama, njiani naiwaza nyumba ya mama, hasa jiko lake la uani, na wali wa mpunga wake ambao ukipikwa, nyumba ya tatu wanajua.

Kijiji chetu kiko ndani, mgongoni mwa Bagamoyo. Ukitoka Dunda, pale mjini Bagamoyo, unapanda bodaboda, unaiacha lami, halafu ni kiasi cha saa nzima, nusu yake mchanga. Mwaka huo mchanga ulikuwa umeingia mpaka mashambani. Vuli haikunyesha. Muhogo ulikauka ungali mwembamba kama kidole, na uliobaki nguruwe pori waliuchimbua. Redioni walikuwa wakisema chakula kipo cha kutosha nchini, na nadhani kilikuwepo, huko kilikokuwa.

Mama alikuwa akiishi na wajukuu wawili wa kike, watoto wa marehemu dada yangu. Nilipofika alinipokea mfuko, akaniuliza habari za huko nilikotoka, akasema, "Umekuja wakati mzuri, mwanangu, maembe hayajaisha." Jioni tukala ndiga. Kwa asiyekijua, ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Unakimenya, unakikata vipande, unakiloweka siku tatu huku ukibadilisha maji, la sivyo kinakulevya au kinakuua. Mtu hali ndiga kwa kupenda. Nilikula, mama akinitazama, na mimi nikasema, "Ahsante mama, nimeshiba." Ndivyo tulivyofundishwa kusema.

Kulikuwa na chakula kimoja tu ndani ya nyumba ile ambacho hakikutoka porini. Juu ya uchaga wa jikoni, pale moshi unapopita, palikuwa na kilindo, lile kopo la gome la mti alilorithi kwa mama yake. Ndani yake mlikuwa na mpunga wa mbegu, haufiki pishi moja. Ni mpunga wa bondeni, wa kusubiri masika, mbegu ya bibi yangu na ya bibi yake. Wajukuu walijua kwamba kilindo hakiguswi. Hata mimi, mwenye miaka arobaini na zaidi, nilikuwa nikikitazama kwa chini chini kama mwizi.

Hapo ndipo serikali ilipokuja kutuhesabu.

Walikuwa watu watatu. Mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye nilisoma naye darasa moja na kukimbizwa naye na nyuki mmoja. Na afisa kijana kutoka wilayani, mtu wa bara, mrefu, viatu vyeupe kwa vumbi. Kazi yao ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba waandike nani hasa ana njaa, ili mahindi ya msaada yakija yasipewe mwenye akiba. Jambo la haki kabisa. Mimi mwenyewe ningeulizwa ningesema vivyo hivyo, wapite, watazame kwa macho yao.

Mama aliwaona wakiwa bado kwa jirani. Alichofanya nitakikumbuka mpaka nazikwa. Alikwenda uani, akachukua ungo, akaifunika ile ndoo iliyokuwa na ndiga inayolowekwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na kanga nyingine, mpya kuliko aliyokuwa nayo, akakung'uta mkeka, akautandika barazani.

"Mama," nikamwambia, "hao wamekuja kuangalia njaa."

"Wamekuja kwangu," akasema.

Wakafika. Shikamoo, marahaba, karibuni, starehe. Kijana wa wilayani akatoa kishikwambi chake, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Mama, hali ya chakula hapa nyumbani ikoje?"

"Alhamdulillahi, baba. Twashukuru."

Kila mtu wa pwani anajua kwamba hilo si jibu. Huo ni mlango tu. Ukimuuliza mtu hali, atakwambia alhamdulillahi hata kama mguu wake umekatwa na uko pale pembeni. Wewe unasubiri. Mnaongea ya mvua, mnaongea ya wagonjwa, na ukiwa unaaga, anakusindikiza hatua tano, na hapo kwenye hatua ya tano ndipo anakwambia kwa sauti ya chini, "Lakini bwana, jana hatukuwasha moto." Kijana hakuwa na muda wa hatua tano. Akabonyeza.

"Mnakula milo mingapi kwa siku?"

"Kadiri Mungu anavyojaalia."

Akatazama kioo chake. Naamini hapakuwa na mahali pa kuandika hilo. Palikuwa na mmoja, miwili, mitatu, na bila kuchagua, maswali hayasogei.

"Miwili?" akauliza.

"Inshallah," akasema mama.

Akabonyeza. Kisha akanigeukia mimi, niliyekaa pale nimevaa shati langu moja zuri. "Na wewe, kaka?"

"Mtoto wake."

"Unafanya shughuli gani?"

"Natafuta riziki. Pangani, Tanga, huko na huko."

"Kwa hiyo mama unamsaidia?"

Mwenyekiti alikuwa ananitazama. Niliwahi kumwambia mtu huyu, miaka ile tunamaliza shule, kwamba nikirudi kijijini nitarudi na nyumba ya bati ya mama mgongoni. Nikasema, "Namsaidia." Nililisema kwa kujiamini, na mkono mmoja nikauweka mfukoni kana kwamba mlikuwa na kitu.

Kijana akabonyeza.

Mpaka hapo mambo yangeweza kurekebishwa. Mwenyekiti ni mtu wa hapa, anajua maana ya ungo uliofunika ndoo. Lakini jua lilikuwa la saa saba, na wakati huo wenye nyumba wana neno moja la kusema kwa walioketi barazani. Mama akalisema.

"Karibuni chakula."

"Ahsante bibi, tumeshiba," akadakia mwenyekiti haraka, "ndiyo kwanza tumetoka kula." Mtendaji naye akashika tumbo kuonyesha lilivyojaa. Hawakuwa wamekula popote. Hayo ndiyo majibu. Unakaribishwa, unashukuru, umeshiba, na heshima ya nyumba inabaki mahali pake.

Kijana wa bara akatabasamu tabasamu la mtu aliyeokolewa. "Mama, Mungu akubariki. Tangu alfajiri sijaweka kitu tumboni. Posho yetu yenyewe haijatoka."

Mwenyekiti alijaribu kumwokoa mama kwa njia ya utani, kwa kuwa watu wa kwetu na kabila la yule kijana ni watani tangu mababu. "We mtani, ukila wali wa pwani utalala hapa hapa. Nani atatuandikia?"

"Nikilala mniamshe," kijana akacheka. "Wali wa nazi, mzee, naukataaje?"

Nani alikuwa amesema wali? Hakuna. Ila mama alikuwa keshaingia ndani, na kwa neno hilo akajua mgeni anatarajia nini.

Tukakaa. Kijana akaniuliza habari za Pangani, nikamjibu. Halafu kutoka uani nikasikia mchi. Du, du, du, kinu kikitwangwa polepole na mtu asiye na haraka. Nikajua ni nini kinachotwangwa. Mwenyekiti naye alijua, maana aliinamisha kichwa akaanza kuchora chini kwa kijiti. Mimi nilikuwa mtu mzima, miguu ninayo, uani ni hatua kumi. Ningeweza kwenda kumshika mkono. Ningeweza kumwambia kijana, "Ndugu, hiyo ni mbegu." Maneno manne. Nimewahi kugombana na makuli wa bandarini Tanga kwa ajili ya kipande cha kivuli, lakini maneno manne hayo yalinishinda.

Wali ulikuja kwenye sahani kubwa nyeupe yenye maua ya bluu ukingoni, sahani ya wageni, ambayo sisi wa nyumbani hatukuwahi kulia chakula. Umepikwa kwa nazi ambayo sijui aliitoa wapi, na pembeni kisamvu. Harufu ilikuwa ile ile niliyoifuata kutoka Pangani. Wale wawili walichota kidogo sana, vidole vikigusa tu. Kijana alikula kama inavyotakiwa mtu mwenye njaa ale, na sikumchukia, kwa kuwa hakuna asiyemjua mtu mwenye njaa akila. Wajukuu walikaa mlangoni wakitazama mkono wake unavyopanda na kushuka. Mimi nami nilikula. Nilikula mbegu ya bibi yangu, na ilikuwa tamu.

Alipoondoka alimshukuru mama kwa mikono miwili. Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Bado huwa najiuliza kama ningekuwa na wa kumtwika lawama ningelala vizuri zaidi.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Jina la mama halikuwemo. Pembeni walikuwa wameweka orodha nyingine fupi ya kaya "zinazojitosheleza", nalo likawa humo, limepigwa chapa vizuri, herufi kubwa. Jirani yetu, mzee mmoja Mkwere mwenye mdomo mpana, alikuwamo kwenye orodha ya kupewa, na alistahili. Yeye afisa alipofika kwake alimtolea bakuli la ndiga akamsukumia puani. "Onja, bwana mkubwa! Onja ukawaambie wenzako!"

Nilipomweleza mama, alisonya. "Huyo kajianika."

"Kajianika, na mahindi atapata."

"Na ale," akasema. "Mimi sijamkataza."

Hapo nilikasirika. Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia wao. Nikakumbuka utotoni, miaka ya unga wa njano ulioletwa na meli, ule tuliouita yanga. Kijiji kizima kilipanga foleni kwenye duka moja, jua moja, na kila mtu alimwona kila mtu. Na bado mama, akishapimiwa, aliuficha unga ndani ya kanga, akapita njia ya nyuma kwenye mikorosho ili watu wasione amebeba nini. Tulikutana na akina mama wengine huko huko kwenye mikorosho, nao wamefutuka vifuani kama yeye, wakaamkiana kwa adabu, wakaulizana watoto, hakuna aliyegusia unga. Wakati ule niliona ni jambo zuri. Nilipokuwa mbali ndilo mojawapo la mambo niliyokuwa nikiyakumbuka kwa mapenzi. Sasa nililiona ni upuuzi, na kwamba tutakufa kwa adabu.

Nikaamua kulifuatilia. Mtendaji akasema yeye hana mamlaka, niende kata. Kata wakasema orodha imeshapelekwa wilayani. Bagamoyo nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza anayehusika alikuwa kwenye semina. Mara ya pili alikuwapo dada mmoja, anatafuna kipande cha muhogo wa kukaanga, akanipa fomu ya pingamizi, akaniambia ijazwe na mkuu wa kaya.

"Mkuu wa kaya ni mama yangu."

Akatafuta kwenye kompyuta. "Hapa umeandikwa wewe. Mtoto wa kiume, anajitegemea, anamsaidia mzazi."

"Simsaidii."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, kutoka juu mpaka kwenye kandambili. "Sasa kaka, si uliwaambia mwenyewe?"

Mara ya tatu niliirudisha fomu imejazwa, wakaniambia dirisha la pingamizi lilifungwa wiki iliyopita. Lililobaki ni mkutano wa kijiji. Afisa mwingine atakuja, na aliyeachwa kwa makosa anaweza kusimama mbele ya wanakijiji, aseme hana chakula, wanakijiji wakiafiki anaongezwa. Niliuliza kama mtu anaweza kusema faraghani. Dada akasema hapana, kufanya faragha ndiko kunakoleta upendeleo. Na hapo pia alikuwa na haki. Kila niliyemwendea alikuwa na haki. Nilitoka nje nikatembea Dunda nzima kwa miguu, nikipita kwenye maandazi na samaki wa kukaanga, nikiwa na hasira nisiyo na wa kumpa.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Nisimame mbele ya watu niseme nina njaa?"

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya wakwe za dada yako?"

"Mama, watoto wake ndio hawali."

Akaendelea kumenya ndiga. Siku ya mkutano alioga, akavaa baibui lake, akaenda. Nilimfuata nyuma nikijiambia atasema. Ataona watu wengine wakisema, atasema.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine kwenye madawati ya watoto, magoti yamewapanda. Afisa safari hii alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu. Akauliza nani mwenye pingamizi. Watu sita hivi walisimama, mmoja mmoja, wakasema, watu wakaguna, wakaafiki. Mama hakusimama. Nilimtazama, alikuwa akitazama ubaoni ambako palikuwa na hesabu za kugawanya ambazo hazijafutwa.

"Kuna mwingine?" afisa akauliza. Akaanza kufunga faili.

Nikasimama mimi. Nikasema jina la mama yangu na jina la marehemu baba. Nikasema nilidanganya, mimi simsaidii mama yangu, sina ninachomsaidia nacho, na kwamba nilirudi kwake kula. Nikasema nyumbani tunakula ndiga. Hapo ningeweza kukaa, ila nilikuwa nimeshaanza, na hasira ikanisukuma. Nikasema na wali ule waliokula mabwana siku ile ulikuwa mbegu, na hatuna mbegu.

Mtendaji akakohoa. Mwenyekiti akainama vile vile alivyoinama barazani. Mzee wa Kikwere akapaza sauti, "Haya, jogoo wa mjini kawika leo!" Watu wakacheka kidogo, kisha hawakucheka.

"Mama mwenyewe yupo?" afisa akauliza kwa upole. "Ni kweli, mama?"

Vichwa vyote vikageuka upande wa wanawake. Mama akavuta ushungi wake mbele kidogo. Sikuwahi kumwona mdogo namna ile.

"Mwanangu keshasema," akajibu.

Hakusema ndiyo, wala hakukanusha. Mwenyekiti akarukia, "Imetosha, imetosha, tunaafiki," mikono ikanyooshwa, na jina likaandikwa kwa kalamu chini kabisa ya karatasi.

Mahindi yalifika masika ilipokuwa imekwishaanza. Lori lilinasa kwenye tope, tukalisukuma. Kulikuwa na mgeni rasmi aliyepigwa picha akimkabidhi bibi mmoja gunia, kisha gunia likarudishwa kwenye lundo ili lipigwe picha na mwingine. Mvua ilikuwa nzuri. Bonde letu lilijaa maji, jeusi, laini, tayari kwa mpunga, na kila asubuhi mama alikwenda akalitazama, akarudi. Nilimuuliza afisa mchangamfu kama kuna mbegu. Akasema mbegu ni idara nyingine.

Nililibeba gunia begani mpaka nyumbani, nikapita njia kuu, mchana, sikupita kwenye mikorosho. Mama alitembea nyuma yangu, mbali kidogo. Alipofika alipima bakuli moja, akampa mjukuu mkubwa ampelekee jirani mwingine aliyeachwa, mjane ambaye hakuwa na mtoto wa kumsimamia. "Mpe kwa mlango wa uani," akamwambia. Kisha akasaga, akapika.

Tangu siku ya mkutano alikuwa akiongea nami vizuri tu. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Aliniuliza kama nimelala salama. Alinishukuru nikimletea kuni. Siku hiyo watoto walikula jikoni pamoja naye, kwenye sinia la siku zote, nikawasikia wakigombania ukoko. Mimi alinitandikia mkeka barazani. Akaleta maji ya kunawa, akaleta ugali, na ugali ulikuwa kwenye sahani nyeupe yenye maua ya bluu.

"Karibu chakula," akasema, akasimama pembeni na kitambaa cha kufutia mikono.

Nilijua jibu. Mtu yeyote aliyelelewa pale analijua. Niliitazama sahani, nikamtazama yeye, na kutoka bondeni vyura walikuwa wakilia kwenye maji ambayo hayakuwa na mpunga. Kesho yake ningeondoka asubuhi, nipite Vigwaza na vijiji vya mto nikiulizia kwa watu mbegu ya aina ile, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba wangenijibu alhamdulillahi. Hilo lilikuwa la kesho.

Nilikuwa na njaa. Nikanyoosha mikono, akanimiminia maji.